Mpango Wetu: Hatubadilishi Kitu

Kila Jumamosi asubuhi, tangu barafu inapokaza mpaka inapoanza kuoza mwezi wa nne, mimi na Bibi huenda ziwani kuangalia nyavu. Bibi anaitwa Lempi. Ana miaka sabini na minne na hapendi maneno mengi. Yeye hutangulia na mtaimbo wake mrefu wa chuma, mimi nafuata na mtaimbo wangu mfupi niliopewa nilipotimiza miaka sita, huku nikiburuta ndoo ya samaki juu ya kibao cha kuteleza. Tukifika kwenye mashimo tuliyotoboa, tunavuta wavu, tunachomoa samaki, tunaurudisha wavu chini ya barafu, kisha tunarudi nyumbani. Bibi anakunywa kahawa, mimi maziwa. Kazi yote hiyo hufanyika bila mtu kusema zaidi ya sentensi tano.

Naitwa Taimi. Nina miaka kumi na miwili, naishi Nurmes, mji mdogo kando ya ziwa Pielinen, na kila anayenijua atakuambia kwamba nina kichwa kigumu. Ni kweli. Majira haya ya baridi kichwa hicho kilikaribia kunipotezea kitu nilichokitaka kuliko vyote. Hata hivyo, siombi radhi kwa kuwa nacho.

Mwezi wa kwanza, maktaba ya mji iliandaa shindano la kutengeneza michezo ya kompyuta. Mnaingia wawili wawili, mnapewa siku mbili tu, kuanzia Jumamosi saa mbili asubuhi mpaka Jumapili saa kumi jioni. Mnaanza mikono mitupu na mnatakiwa kumaliza na mchezo unaochezeka. Ruhusa ni kula, kwenda msalani na kulalamika. Mada hutangazwa siku hiyo hiyo, na mwaka huu ilikuwa "Njia ya mkato".

Mimi niliandika programu, na rafiki yangu Verneri alichora picha. Verneri ana mkono mwepesi na roho ya upole, ndiyo maana tumeweza kuwa marafiki tangu chekechea. Mchezo wetu tuliuita "Kuvuka". Msichana anampelekea babu yake mkate kisiwani. Akizunguka kwa barabara ya daraja, mkate unafika umepoa na babu ananuna. Akikata katikati ya ziwa, mkate unafika ungali moto, mradi yeye mwenyewe asizame. Skrini imegawanywa miraba, na kila mraba ni barafu ya aina yake.

Na barafu naijua. Ile nyeusi, iliyoganda bila kuchanganyika na theluji, ndiyo inayobeba mtu. Ile nyeupe ina nguvu nusu yake. Karibu na matete, chini ya theluji nene, na pale kijito kinapoingilia ziwani, hapo hapakanyagwi ovyo. Yote hayo niliyatia kwenye mchezo, na hakuna mraba hata mmoja niliobuni kichwani.

Jumapili jioni waamuzi walipopita meza kwa meza, nilisimama nyuma ya kila mmoja wao akicheza. Nilimwambia wa kwanza asiende kule kwenye matete. Nilimgongea meza kwa vifundo vya vidole, nikamwambia hapo pazito, pita. Alipokaribia mraba mbaya niligonga kikombe kitupu, nikamwambia asikie mwenyewe, hapo pepesi. Wote watatu walifika kisiwani na mkate moto. Walicheka, wakatushika mikono, na tukawa miongoni mwa jozi tano zilizopita.

Waliopita tulipewa wiki sita. Michezo iliwekwa kwenye tovuti ya maktaba, watu wacheze na kuandika maoni yao, na sisi tuandike mpango wetu: tutabadilisha nini na kwa nini. Mwishoni mchezo mmoja ungechaguliwa uonyeshwe kwenye skrini kubwa ya ukumbini wiki nzima ya likizo ya theluji, wakati ambapo mji mzima huingia maktaba kujipasha moto. Niliutaka ukumbi ule. Nilitaka Bibi akae kiti cha mbele aone ziwa lake ukutani. Niliwaza hilo asubuhi na jioni, hata nikipiga mswaki.

Kisha maoni yakaanza kuingia.

Mmoja aliandika kwamba barafu nyeusi ni shimo, kila mwenye macho anaona, sasa mbona nyeupe ndiyo inayomzamisha? Akamalizia: mchezo muongo. Mwingine alisema amekufa kabla hajamaliza kunywa juisi yake. Mwingine alisifu picha na kusema mchezo wenyewe ni wa hovyo. Kadhaa walitaka tuweke alama nyekundu pale pabaya. Kufikia Jumatano yalikuwa maoni arobaini na moja, na thelathini na matatu kati yake yalihusu kuzama.

Hasira zilinipanda. Sikuona aibu wala sikujiuliza lolote. Nilichokuwa nacho ni hasira tupu. Walikuwa watu wa mijini, watu wa pwani ya kusini, watu ambao barafu wanaiona ndani ya glasi. Nilimjibu kila mmoja. Wa kwanza nilimwambia akamuulize mtu yeyote aliyewahi kuliona ziwa. Wa pili nilimshauri aache juisi. Kulikuwa na mmoja aliyejiita Chura Mdogo, aliyeandika hivi: "Nimezama mara kumi na tisa. Nataka sana kufika. Naomba mtu aniambie ninakosea wapi." Nikamwandikia: "Unakosea unapotoka nje. Kaa ndani."

Nilijiona mjanja kweli. Halafu, kwa kuwa mwenye ukurasa ana uwezo huo, nikayaficha maoni kumi na mawili yaliyoniudhi kuliko mengine, yakiwemo ya Chura Mdogo. Mwisho nikaandika mpango, kwa herufi nene: "Mpango wetu: Hatubadilishi kitu. Barafu ndivyo ilivyo. Jifunzeni."

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere shuleni, na chapati za maji na jamu. Verneri alikaa mbele yangu na sinia lake, lakini hakula.

"Taimi, umeandika 'mpango wetu'," alisema. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unachora."

"Na maoni yamepungua. Jana yalikuwa arobaini na moja, leo ishirini na tisa. Yameenda wapi?"

Nilikoroga supu yangu. Nilimwambia yalikuwa ya kijinga.

"Umeyaficha."

"Ukurasa ni wangu."

"Ni wetu," alisema Verneri. "Wewe unataka usifiwe tu. Basi mwambie mama yako ndiye awe anacheza, wengine tupumzike."

Sikuwahi kumsikia akisema kwa ukali hivyo. Kisha alilegeza sauti na kusema kwamba jambo lenyewe si kubwa, tupake rangi nyekundu barafu mbaya, watu wavuke, yaishe.

"Umeshaona barafu nyekundu wewe?" nilimwuliza. "Mtoto akizoea kwamba barafu mbaya inamwonyesha rangi, siku akienda ziwani atasubiri rangi. Atazama huku anasubiri. Siweki."

Hapo nilisema kweli, na mpaka leo nasema ni kweli. Verneri alisogeza sinia lake pembeni, akasema, "Sawa. Basi tafuta njia nyingine. Ukikataa na hilo, futa jina langu kwenye mchezo." Akaondoka na kuacha chapati zake zote tatu kwenye sahani. Kumjua Verneri ni kujua kwamba haachi chapati kwa mzaha.

Siku hiyo hiyo baada ya masomo, mkutubi Hilppa aliniita. Hilppa ndiye aliyesimamia shindano. Ni mwanamke mrefu anayevaa sweta moja la kijani mwaka mzima, na hajawahi kupandisha sauti, hata watoto wanapokimbizana kati ya rafu. Alikuwa ameusoma mpango wangu.

"Kutobadilisha kitu ni mpango," alisema. "Sikukatazi. Ila anayesema habadilishi kitu, awe ameona kwanza. Jumamosi saa sita watakuja wachezaji saba, wacheze mbele yako. Sharti ni moja. Mwenye mchezo hasemi neno."

Nilimjibu kwamba hilo ni jepesi. Nilisema watu wakicheza mbele yangu watavuka, kama waamuzi walivyovuka. Hilppa alitikisa kichwa polepole, kisha akaongeza kwamba yeye huyaona maoni yote, hata yaliyofichwa, na akauliza ni nani atakayeyarudisha, yeye au mimi. Masikio yaliniwaka moto. Nilisema nitayarudisha mwenyewe, ila sikusema lini.

Jumamosi nilimwacha Bibi na samaki wake nikaenda maktaba. Verneri alikuwa amekaa mbali, karibu na dirisha. Hilppa aliniweka kwenye kiti nyuma ya mchezaji na kunipa mkate mkubwa wa mdalasini.

"Huu ni wa kuzibia," alisema. "Ukisikia neno linakuja, ng'ata."

Mchezaji wa kwanza alikuwa mvulana mwenye fulana ya timu ya magongo. Alikwenda moja kwa moja kwenye barafu nyeupe, akazama. Akarudia, akazama tena, karibu na matete. Nilifungua mdomo. Hilppa alinyooshea kidole mkate. Niling'ata. Yule mvulana akaukaribia mraba mmoja mzuri mweusi, akasita, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukagonga meza, ko, ko.

"Na mikono pia," alisema Hilppa.

Nikaikalia mikono yangu. Mvulana akauacha ule mraba mzuri, akakanyaga mwingine, akazama, na kuondoka akisema asante kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Wa pili alizama. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa mjini, na nilipata matumaini kidogo. Naye alizama, akacheka, akasema kwamba ziwa hili si la kwetu. Wa nne, wa tano na wa sita hawakukaa hata dakika nne. Nilikuwa nimekwisha kula mkate wote na Hilppa akanipa mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Wa saba alikuwa msichana mdogo wa miaka kama kumi, mwenye miwani na koti kubwa kuliko yeye. Aliitwa Kerttu. Familia yake ilihamia kwetu mwaka jana ikitokea Turku, huko kusini. Aliketi, akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua mezani. Ilikuwa ramani ya mchezo wetu, imechorwa kwa penseli, mraba kwa mraba, na kila mahali alipozama alikuwa ametia alama ya msalaba. Ilikuwa misalaba kumi na tisa.

Alicheza taratibu. Alizama, akatia msalaba, akaanza upya. Kila alipofika mbele ya mraba mpya alisogeza kichwa karibu na skrini na kuinamisha sikio, kama anayesubiri kuambiwa kitu. Baada ya msalaba wa ishirini na sita aliweka penseli chini na kunigeukia.

"Wewe ndiye uliyeniambia nikae ndani?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate. Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mimi nakaa ndani kweli," alisema Kerttu. "Tangu tuhamie hapa sijakanyaga ziwa. Wenzangu darasani wanakatiza hapo wakienda shule, mimi nazunguka barabarani, wananicheka. Nilifikiri nikijua mchezo wako, nitajua na ziwa." Akaikunja ile ramani na kunisogezea. "Kaa nayo. Labda itakusaidia. Mimi sijaelewa kitu."

Akachukua kofia yake akaenda. Nilimeza ule mkate kwa shida.

Usidhani nilinyenyekea palepale. Njiani kurudi nyumbani nilibishana na watu saba kichwani mwangu na nikawashinda wote. Nilijiambia kwamba mchezo ni wa kweli, wao ndio hawajui barafu. Lakini ile ramani ilikuwa mfukoni, na kila nilipowashinda nilikuwa naigusa.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, niliweka kompyuta mbele ya Bibi. Nilikuwa na mpango wa siri. Bibi anaijua barafu kuliko mtu yeyote Nurmes. Angevuka mara moja, nami ningempelekea Hilppa habari: mnaona, mjuzi anavuka. Bibi hulipa bili zake zote kwenye kompyuta, kwa hiyo si mgeni wa kipanya. Alivaa miwani, akashika kipanya, akaangalia ziwa la Verneri kwa muda mrefu. Akalisifu. Kisha akakaa tu.

"Bibi, cheza."

"Siwezi."

"Bonyeza mraba wowote. Wewe si unaijua barafu?"

"Ndiyo maana siwezi," alisema Bibi. "Mtaimbo uko wapi?"

Nilimweleza kwamba hakuna mtaimbo, kwamba mtu anaangalia rangi ya barafu na mahali ilipo, kisha anaamua. Bibi alinitazama juu ya miwani.

"Rangi? Miaka yote hii mimi sijaiamini rangi peke yake. Theluji ikianguka, yote inakuwa nyeupe. Nagonga, nasikiliza, ndipo nanyanyua mguu. Na wewe unafanya hivyo hivyo kila Jumamosi, unanifuata nyuma unagonga." Akasogeza kipanya pembeni. "Siku ya kwanza nilipokupeleka ziwani, nilikuambia nini juu ya barafu?"

Nilifikiri. Nilikumbuka baridi, na kofia iliyoniwasha. "Hukuniambia kitu, Bibi."

"Nilikupa nini?"

"Mtaimbo."

"Basi," alisema, akavua miwani akarudi kwenye kahawa yake.

Nilitoa ramani ya Kerttu na kuitandaza mezani. Misalaba ishirini na sita. Nikaona jinsi alivyoinamisha sikio kwenye skrini isiyotoa mlio wowote. Nikajiona mwenyewe siku ile ya waamuzi, nikigonga meza, nikigonga kikombe. Mtaimbo ulikuwa mimi. Waamuzi walivuka kwa sababu nilisimama nyuma yao nikiwagongea. Wale wengine niliwapeleka ziwani mikono mitupu, kila mmoja peke yake nyumbani kwake, na walipozama nikawatukana. Mtu wa kwetu hawezi hata kuwaza kutoka bila mtaimbo, ndiyo maana sikuwaza kuutia ndani.

Niliona aibu mpaka nikafunika uso kwa mikono. Kisha nikampigia simu Verneri.

"Siweki rangi nyekundu," nilimwambia.

"Nilijua," alisema, na nikasikia akijiandaa kukata.

"Ngoja. Njoo na simu yako na glavu nene. Tunakwenda kurekodi ziwa."

"Kuna chapati?"

"Zipo."

Alasiri ile tulizunguka ziwani na Bibi mpaka pua zikawa nyekundu. Bibi aligonga, Verneri akashika simu karibu na barafu, mimi nikaandika ni wapi. Barafu nene ilijibu kwa mlio mfupi na mzito. Karibu na matete mlio ulikuwa mtupu. Kwenye mdomo wa kijito, Bibi akiwa amesimama mbali na kunyoosha mkono, mtaimbo ulipita kwa pigo moja na maji yakachungulia. Verneri alisema hata angefumba macho angezijua tofauti.

Jioni nilifanya mambo mawili kabla ya kugusa programu. Nilirudisha maoni yote kumi na mawili, na chini yake nikaandika kwamba mimi ndiye niliyeyaficha na kwamba Verneri hakuhusika. Halafu nikamjibu Chura Mdogo upya: "Nilikujibu vibaya. Uliniuliza unakosea wapi, nami nikakucheka. Kosa halikuwa lako, lilikuwa letu: tulikutuma bila mtaimbo. Jumamosi ijayo saa sita utaukuta."

Kisha mimi na Verneri tukaandika mpango mpya, safari hii wawili kweli. Tulisema mchezaji atapewa mtaimbo, agonge mraba wowote kabla ya kuukanyaga, na asikie mlio wa ziwa lenyewe. Tulisema kwa wasiosikia vizuri, barafu itaonyesha ufa na maji mtaimbo unapoigonga, kwa sababu ndivyo inavyokuwa kweli. Tulisema ukizama hutaanza upya kabisa, utarudi ufukweni na alama ya mahali ulipozama itabaki, wazo tulilolipata kwa Kerttu, na tukamtaja jina. Na mstari wa mwisho niliung'ang'ania mimi: "Rangi nyekundu hatuweki. Sababu tuko tayari kuieleza kwa yeyote."

Jumamosi iliyofuata nilikaa tena nyuma ya wachezaji saba, mikono chini ya mapaja, mkate mdomoni. Verneri naye alikaa karibu yangu, na wake. Mvulana wa magongo aligonga kila kitu kama anayebomoa nyumba, akavuka. Yule mzee alivuka. Mmoja alikataa kugonga kwa sababu ana haraka, akazama mara nne, na sikujisumbua moyoni. Hata ziwa humfanya hivyo mwenye haraka.

Kerttu alikuja wa mwisho. Alizama mara mbili mwanzoni, akaziangalia alama zake, akafumba macho. Aligonga, akasikiliza, akapiga hatua. Aligonga tena upande wa kushoto, akaacha, akaenda kulia. Ilimchukua muda mrefu sana, na nilikuwa nimebana meno kwenye mkate ule mpaka taya zikauma. Msichana wa kwenye skrini alipomkabidhi babu mkate, moshi ukifuka, Kerttu alifumbua macho na kusema tu, "Ahaa."

Mimi nililia. Nasema wazi, kwa sababu Verneri alishawaambia watu wote.

Mchezo wetu ndio uliochaguliwa. Wiki ya likizo ya theluji ukumbi ulijaa mabuti na mvuke, na Bibi Lempi alikaa kiti cha mbele, kofia magotini, akiangalia watoto wasiomjua wakigonga barafu yake ukutani. Alikaa saa mbili.

Maoni hayakuisha, na hayatakwisha. Siku ya tatu ya likizo mtu aliandika: "Bado ni ngumu mno." Vidole vyangu viliwasha. Nilikuwa na majibu matatu makali tayari. Nikaandika: "Ndiyo, ni ngumu. Umezama wapi?" Akanijibu, na alichosema kilikuwa kasoro ya kweli kabisa, mraba mmoja karibu na kisiwa uliokuwa na mlio usio wake. Tuliurekebisha siku hiyo hiyo.

Jumamosi ya mwisho ya likizo, Kerttu na mama yake walikuja ziwani pamoja nasi. Bibi alitangulia na kuipima njia yote mpaka kwenye nyavu, akarudi, akatukuta tumesimama ufukweni. Kerttu alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu. Bibi alinitazama, na nikajua kwamba leo atavuka sentensi zake tano.

"Taimi, kichwa kigumu sikukatazi," alisema. "Hata mimi ninacho. Ulifanya vizuri kukataa kuwadanganya watoto kwa rangi, na ungekubali ningekasirika. Lakini mtu akikuambia amezama, usimbishie. Yeye ndiye aliyelowa. Muulize ni wapi, halafu kaangalie ni kitu gani hukumpa. Na akikuambia neno usilolipenda, usilifiche, maana shimo ukilifunika kwa theluji linabaki kuwa shimo. Hivyo ndivyo kazi inavyokuwa nzuri, iwe ya wavu au ya kompyuta."

Verneri alinong'ona kwamba Bibi amesema zaidi ya mwaka mzima uliopita. Bibi akamwambia akamate ndoo.

Nilimpa Kerttu mtaimbo wangu mfupi. Aliupima uzito, akaachia mkono wa mama yake, akasogea mpaka ukingoni. Aligonga barafu mara mbili, kisha akanigeukia.

"Hapa pazito?" aliuliza.

Nilikuwa na jibu mdomoni tayari. Nilifumba mdomo, nikamwacha asikilize.